Upepo wa Luhende

Barafu ndiyo iliyokuwa ikihesabu muda.
Tone, tone, kutoka uvunguni mwa Fuso
hadi kwenye lami ya Buhongwa, saa kumi na moja na robo alfajiri,
sangara wa Igombe tani tatu na nusu
wamelala macho wazi nyuma yetu
kama mashahidi wasioapishwa.

Mimi nilikuwa utingo. Niandike hivyo,
maana mahakamani hakuna aliyeniandika.

Koplo Nkwimba alikuja na kurunzi na kale kadude
mfano wa simu ya vitufe, kana mdomo wa plastiki.
Akachana karatasi ya mrija mpya mbele yetu
tuone ni msafi, hakuna aliyeutia mate.
"Dereva, puliza. Mfululizo, mpaka nikwambie basi."

Luhende akazima injini.
Hapo nikajua maneno yatakuwa mengi:
mtu mwenye haraka hazimi injini.

Akasema, pumzi hii nilipewa na mama yangu kule Nyakaliro,
haina ushuru, haina stika ya bima.
Gari kagua. Tairi piga teke.
Kizimamoto kile pale, pembetatu mbili hizi hapa.
Lakini kifua changu si sehemu ya gari.

Nilicheka. Nakiri, nilicheka.
Ilikuwa kauli nzuri, na kulikuwa na baridi.

Koplo hakucheka wala hakununa.
Alisema kama anayemwelekeza mgeni njia ya Bugando:
"Ukipuliza pombe ikaonekana, ni kosa.
Ukipuliza isionekane, nenda na samaki wako.
Usipopuliza, hilo nalo ni kosa, linasimama lenyewe,
halihitaji pombe ya kuegemea."
Akauliza mara ya pili.
Akauliza mara ya tatu, akitazama saa, akiandika.

Tone. Tone.

Tumelelewa hivyo wote: mdomo huponza kichwa.
Hakuna aliyetwambia kwamba hata ukifumbwa
unaponza.

Mahakamani shtaka la kwanza, la ulevi, lilikufa mapema:
hakuna kipimo, hakuna damu, hakuna namba.
Akiwa kizimbani akanikonyeza.
Shtaka la pili lilikuwa mstari mmoja na nusu.
Kukataa, bila sababu ya msingi.
Hakimu, mwanamke mwenye mafua, alilisoma, akakohoa,
akauliza kama mshtakiwa ana pumu, jeraha la kifua,
chochote kilichomzuia.
"Nilikuwa na haki yangu, mheshimiwa."
Hiyo haikuwa kwenye orodha.

Faini. Leseni, miezi kumi na minane.
Tajiri akataja bei ya sangara waliooza, akaitaja tena,
ufunguo wa Fuso akampa mpwa wake.

Sasa mwenzangu yuko Igoma na kompresa ya kukopa.
Anajaza upepo: baiskeli mia mbili, bajaji mia tano.
Watoto wanamwita Upepo, naye anaitika.

Sikuulizwa, kwa hiyo nasema hapa.
Usiku ule tulikuwa msibani. Bilauri mbili za gongo,
saa nne, labda tatu. Akalala juu ya magunia hadi saa tisa.
Pombe ya jana haina adabu ya kuisha jana,
lakini labda ilikuwa imeisha.
Labda kale kadude kangeandika sifuri
na sangara wangefika Shinyanga na barafu yao.
Labda kangeandika namba, na mimi,
niliyekaa futi mbili kutoka kwenye pua yake,
ningelazimika kujua ninachojua.

Juzi nilipita kujaza tairi.
Nikamuuliza: siku ile ungepuliza, ingesoma ngapi?
Akainama kwenye valvu, akasikiliza
kama daktari anavyosikiliza mgongo wa mtoto.
"Sijui," akasema.
"Ningejua, ningepuliza."

Kisha akanidai mia tano yake.